Rubani aliyejua wakulima hula saa ngapi

Kwetu Ukambani miaka ya njaa ina majina, na wazee huyataja kama watu wengine wanavyotaja miaka ya uchaguzi. Njaa ya 1961 inaitwa Yua ya Ndeke, njaa ya ndege. Ukame ulikuwa umemaliza mazao, kisha mvua za mwisho wa mwaka zikaja kwa kishindo zikazoa barabara na madaraja, ikabidi chakula kidondoshwe kutoka angani na ndege za kijeshi. Nyanya yangu alikuwa akisimulia jinsi magunia yalivyoanguka, mengine yakapasuka, na wanawake wakainama kuokota punje kwenye tope. Hata uzeeni, ndege ikipita juu ya boma letu alikuwa akiacha ungo chini na kutoka nje kuitazama hadi ipotee.

Nilimkumbuka sana nyanya niliposoma maisha ya George McGovern. Wanaomjua hapa kwetu humjua kama mgombea wa urais wa Marekani aliyebwagwa na Richard Nixon mwaka 1972. Ni wachache wanaojua kwamba alikuwa rubani wa ndege ya mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia. Na ni wachache zaidi wanaojua kwamba Januari 1961, mwaka uleule wa Yua ya Ndeke, Rais John F. Kennedy alimpa ofisi ya Chakula kwa Amani, iliyosimamia nafaka za Marekani zilizopelekwa nchi zenye njaa.

Maisha ya mtu huyu husimuliwa kwa njia iliyozoeleka: kijana wa shamba alikwenda vitani, akaona mauti, akarudi amegeuka kuwa mpenda amani. Masimulizi hayo yanatufaa kwa sababu ni mepesi, na huwa tunayatumia kwa kila mwanajeshi mstaafu tunayemheshimu. Mimi siyakubali. Nimesoma habari zake za kabla ya vita na za baada ya vita, na ninachoona ni mtu mmoja. Vita vilimwekea mikononi uzito wa jambo alilokuwa akilijua tangu utotoni, nalo ni maisha ya mkulima.

Alizaliwa Julai 19, 1922, huko Avon, kijiji cha wakulima katika jimbo la South Dakota, akakulia Mitchell, mji mdogo ambao fahari yake hadi leo ni Jumba la Mahindi, ukumbi ambao kuta zake hupambwa upya kwa mahindi ya rangi mbalimbali yakiwa kwenye magunzi yake. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa la Wesleyan Methodist. Mshahara wake haukuwahi kufika dola 100 kwa mwezi, na mara nyingi waumini walimlipa kwa viazi na kabeji, kwa kuwa ndivyo walivyokuwa navyo. Mwafrika yeyote aliyelelewa nyumba ya mchungaji wa kijijini anaielewa hali hiyo bila kufafanuliwa.

Kisha ikaja miaka ya 1930. Bei za mazao zilianguka, mvua ikakata, udongo ukainuka na upepo ukafunika jua mchana, na panzi wakala kilichosalia. Kisa ambacho McGovern hakukisahau ni cha mkulima mmoja, rafiki ya baba yake. Yeye na baba yake walimkuta ameketi kwenye ngazi za nyumba yake, analia, mkononi ana hundi. Alikuwa amepeleka sokoni nguruwe wake wote wa mwaka ule. Hundi aliyoletewa haikutosha hata kulipa gharama ya lori lililowabeba.

Kisa hicho nakipa uzito kuliko wengi wanavyokipa. Mtoto alimwona mtu mzima, mchapakazi, akilia kwa kuwa amefuga vizuri na bado amepata hasara. Chakula kilikuwapo. Nguruwe walikuwa wamenona. Na mijini wakati huohuo kulikuwa na foleni za watu wanaongoja supu ya bure. Kwamba shamba linaweza kujaa na tumbo likabaki tupu, na mwenye shamba na mwenye tumbo wote wawili wakalia, ni jambo McGovern alilijua kabla hajajua kuendesha gari.

Kuruka angani kulitokana na aibu. Alikuwa mtoto mwoga, mnyamavu, na akiwa darasa la saba mwalimu wa mazoezi alimwita mwoga mbele ya wenzake kwa kuwa alikataa kurukia kile kifaa cha mazoezi kinachoitwa farasi. Neno hilo lilimkaa. Alipoingia Chuo Kikuu cha Dakota Wesleyan pale pale Mitchell mwaka 1940, serikali ilikuwa ikifundisha raia urubani kwa kujiandaa na vita, naye akajiandikisha kwa makusudi, ili ajipime. Alikiri baadaye kwamba mara ya kwanza kuruka peke yake aliogopa mno. Lakini aliruka. Baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, yeye na wenzake wa chuo wakaendesha gari hadi Omaha kujiunga na jeshi la anga. Walikaa zaidi ya mwaka bila kuitwa, kwa kuwa jeshi halikuwa na ndege wala wakufunzi wa kutosha. Aliitwa Februari 1943. Oktoba mwaka huo akamwoa Eleanor Stegeberg, binti wa mkulima wa Woonsocket, na ndege aliyokuja kuirusha akaibandika jina la heshima kwa mkewe: Dakota Queen, yaani Malkia wa Dakota.

Ndege yenyewe ilikuwa B-24 Liberator. Ilikuwa na injini nne, watu kumi ndani, na usukani mzito uliochosha mikono ya rubani. Haikuwa na joto wala hewa ya kutosha. Zaidi ya mita 6,000 juu, baridi ikishuka chini kabisa ya sifuri, watu walivuta pumzi kupitia barakoa za oksijeni, na ukigusa chuma kwa mkono mtupu ngozi inabaki huko. Rubani huyu alikuwa na miaka 22, na kituo chake kilikuwa karibu na Cerignola, kusini mwa Italia, nchi ya ngano na mizeituni. Jambo la kwanza alilokumbuka kuhusu Italia lilikuwa watoto wenye njaa katika bandari ya Naples.

Alitumwa mara 35. Sitazihesabu zote. Desemba 20, 1944, walikwenda kushambulia viwanda vya Škoda huko Pilsen, Chekoslovakia. Injini moja ilikufa, nyingine ikashika moto. Hakuweza kufika Italia, akaielekeza ndege kisiwa cha Vis, katika bahari ya Adriatiki, ambako kulikuwa na uwanja mfupi uliojengewa ndege ndogo za kivita. Ndege nyingi kubwa zilizojaribu kutua hapo ziliishia kuua waliokuwamo. Yake ilisimama, wote wakatoka hai, naye akapewa nishani ya Distinguished Flying Cross. Safari ya mwisho, Aprili 25, 1945 juu ya mji wa Linz, Austria, ndege ilirudi na matundu 110, mitambo ya breki imekufa, mpiga bunduki mmoja amejeruhiwa, na fundi wa ndege ametikisika kiasi cha kulazwa hospitalini baadaye.

Kama mambo yangekuwa hayo tu, tungekuwa na shujaa wa kawaida. Lakini kuna siku moja ya Machi 1945.

Siku hiyo bomu moja lilikwama. Ndege ya mabomu haiwezi kutua ikiwa na bomu lililokwama, kwa sababu mshtuko wa magurudumu unaweza kulilipua. Wakiwa njiani kurudi, juu ya Austria, McGovern aliteremka chini ya kundi ili vijana wake wahangaike kulifungua. Walipolifyatua, likaanguka. Yeye akalifuatilia kwa macho. Chini kulikuwa na shamba, na katikati ya shamba nyumba moja. Bomu likaipata nyumba ile.

Alitazama saa. Ilikuwa saa sita mchana.

Hapo ndipo ninapotaka msomaji akae nami kidogo. Rubani wa kutoka New York au Chicago angeona nyumba. Angesikitika, pengine angeomba Mungu iwe tupu. McGovern alitoka South Dakota, na kijana wa South Dakota anajua kwamba saa sita mkulima huacha jembe, hunawa mikono, na huingia ndani. Familia nzima iko mezani. Hakuhitaji ripoti ya kijasusi kujua kilichokuwa ndani ya nyumba ile. Alijua kwa sababu ndivyo kwao walivyoishi. Aliporudi kambini siku hiyohiyo alikuta ujumbe: Eleanor amejifungua binti salama, jina lake Ann. Akajiambia kwamba siku aliyopata mtoto, huenda ameua watoto wa mtu mwingine.

Wanaosema vita vilimbadilisha waniambie: ni kipi kilichobadilika hapo? Kilichomchoma ni ujuzi wa kijijini aliokwenda nao. Mafunzo ya jeshi yalikuwa yamempa kila kitu isipokuwa njia ya kusahau saa ya chakula cha mchana.

Vita vilipokwisha Ulaya mwezi Mei, kabla hajarudi nyumbani, alirusha ndege za kupeleka chakula kaskazini mwa Italia. Ni chuma kilekile, marubani walewale, na sehemu ileile ya tumbo la ndege iliyokuwa ikibeba mabomu. Ninaposoma hilo namwona nyanya ameinua uso, mkono juu ya nyusi, akingoja kuona ni nini kitakachoanguka.

Alirudi Mitchell Julai 1945. Alikuwa akiota ndoto za moto na milipuko. Chuo alikimaliza 1946 kwa msaada wa sheria ya 1944 iliyowalipia karo wanajeshi waliotoka vitani. Akajaribu uchungaji kama baba yake, akaona si wito wake, akasomea historia hadi shahada ya uzamivu, Chuo Kikuu cha Northwestern, 1953. Tasnifu yake ilihusu mgomo wa wachimba makaa ya mawe wa Colorado wa 1913 na 1914, na baba yake mwenyewe aliwahi kufanya kazi migodini akiwa mtoto.

Hapa lazima niseme jambo la kwetu. Desemba ileile aliyotua Vis, askari wa Kiafrika wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, walikuwa Burma wakivuka mto Chindwin huko Kalewa, baada ya miezi ya matope, malaria na ruba katika bonde la Kabaw. Walikuwa vijana wa vijijini kama yeye. Waliporudi Kenya, serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa kuwapa ardhi ya nyanda za juu wanajeshi wastaafu, lakini wastaafu wazungu. Askari wetu walirudi kwenye mashamba yaliyochoka na kipande, kile kitambulisho cha kikoloni, shingoni. Tukisifu alichofanya McGovern baada ya vita, tusisahau kwamba taifa lake lilimlipia karo, likamwachia nafasi ya kufikiri. Ni vipaji vingapi vilivyorudi kutoka Burma vikaishia kulinda mageti ya matajiri usiku!

Aliingia Bunge kwa uchaguzi wa 1956. Alishindwa kiti cha Seneti 1960, ndipo Kennedy akamwita. Aprili 1961, Rome, alipendekeza kwa niaba ya Marekani mfuko wa kimataifa wa chakula wa dola milioni 100, Marekani ikichangia mazao ya milioni 40. Pendekezo hilo ni moja ya mizizi ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP, ambalo Mkenya wa Turkana au wa Garissa analijua kwa nembo kuliko anavyomjua mbunge wake. Mwaka 1962 akarudi kugombea Seneti, akashinda kwa kura 597.

Sasa nimkosoe, kwa sababu kumpenda mtu hakuzuii kumwona vizuri. Chakula kwa Amani kilitokana na sheria ya 1954 iliyokusudiwa pia kumwondolea mkulima wa Marekani ziada iliyokuwa ikiua bei yake. Yule mkulima wa kwenye ngazi alikuwa amepata soko hatimaye. Lakini ziada hiyo ikimwagwa katika nchi nyingine wakati wa mavuno, mkulima wa huko naye anaketi kwenye ngazi zake na hundi isiyolipa lori. Wakulima wetu wa mahindi wanaijua hali hiyo kila meli ya mahindi ya nje inapotia nanga Mombasa msimu mbaya. Chakula cha msaada kinaokoa maisha mvua ikikosa kabisa, hilo nyanya yangu ni shahidi. Kikija mvua ikiwa nzuri kinaweza kufukarisha. McGovern, mtoto wa Mitchell, alipaswa kuliona hilo mapema kuliko mtu yeyote, na kwa muda mrefu sauti yake juu yake ilikuwa hafifu. Tena, Vietnam Kusini, mauzo ya chakula hicho yalitunisha mfuko wa serikali iliyokuwa vitani. Na Agosti 1964 yeye mwenyewe alipiga kura kuunga mkono azimio la Ghuba ya Tonkin, lililompa Rais Lyndon Johnson mlango wa vita vile. Alilijutia maisha yake yote.

Alikuwa ameanza kuonya juu ya Vietnam Septemba 1963, akiwa miongoni mwa maseneta wa kwanza. Septemba 1970 alisimama Seneti akawaambia wenzake usoni kwamba ukumbi ule unanuka damu, na kwamba kila mmoja wao ana sehemu yake katika vifo vya vijana waliopelekwa huko. Watu walishtuka. Mimi nasikia katika maneno hayo yule rubani aliyejua kwamba chini ya ndege kuna watu mezani, na kwamba vijiji vya mpunga vya Vietnam navyo vina saa yake ya chakula.

Ndipo tunafika 1972. Wapinzani walimchora kama mtu mlegevu, asiyeweza kuilinda nchi. Washauri wake walimsihi ataje vita vyake: safari 35, nishani, Vis, Linz. Alikuwa mzito kufanya hivyo. Wapiga kura wengi walikwenda vituoni bila kujua kwamba huyu anayeitwa mwoga alikuwa amerusha ndege yenye injini inayowaka moto juu ya Ulaya. Alishindwa katika majimbo 49 kati ya 50, South Dakota ikiwamo.

Wachambuzi wa Marekani huita kimya hicho kosa la kampeni. Kwa hesabu ya kura, pengine ni kosa. Lakini huwezi kukielewa bila kujua adabu ya kijijini. Mahali nilipolelewa, mtu aliyeokoa ng'ombe wa jirani mtoni hasimami kwenye baraza kujisimulia. Husimuliwa na wengine. Na nadhani kuna sababu nyingine. Angefungua mlango wa Vis, angelazimika kufungua na mlango wa ile nyumba ya Austria. Kwa mtu mwaminifu hadithi hizo mbili ni moja.

Kiti cha Seneti kilimponyoka 1980. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi ambayo naiona kubwa kuliko urais alioukosa. Aliongoza kamati maalumu ya Seneti kuhusu lishe, na pamoja na Bob Dole, seneta wa chama pinzani, wakapanua misaada ya chakula kwa familia maskini na watoto wa shule. Dole naye alikuwa mtu wa mji mdogo wa wakulima, Russell, Kansas, na naye alipigana Italia. Aprili 1945 alipigwa huko milimani, mkono wake wa kulia haukufanya kazi tena. Karibu kila suala la siasa liliwatenganisha. Sahani ya mtoto haikuwatenganisha.

Mwaka 2000 wazee hao wawili walimshawishi Rais Bill Clinton aanzishe majaribio ya dola milioni 300 ya mlo wa shuleni katika nchi maskini, na 2002 mpango ukawa sheria yenye majina yao. Chakula chake kilifika shule za maeneo makavu ya Kenya kupitia WFP, shule za mkoa wa Mara nchini Tanzania, na shule za Rwanda. Nimewahi kusimama jikoni mwa shule moja ya namna hiyo, kaunti ya jirani na kwetu. Kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi, sufuria kubwa juu ya mafiga matatu, na mpishi, mama wa makamo, akikongoroa mkebe wa mafuta ya kupikia wenye bendera ya Marekani ubavuni, ameuinamisha mpaka tone la mwisho. Watoto walikuwa tayari kwenye foleni, kila mmoja na bakuli lake la plastiki, na wadogo wamewekwa mbele. Kengele ilikuwa imegongwa saa sita na nusu. Kenya ilichukua mzigo huo yenyewe mwaka 2018, na naamini ndivyo inavyopaswa kuwa, mradi mahindi na maharagwe yanunuliwe kwa wakulima wa karibu na shule. Hapo yule mkulima wa hundi angetulizwa bila mwingine kulizwa.

Nimeiacha nyumba ya Austria kwa makusudi, kwa sababu McGovern mwenyewe aliiacha kwa miaka arobaini. Katikati ya miaka ya 1980 alikwenda kufundisha Chuo Kikuu cha Innsbruck, na televisheni ya Austria ikamhoji. Walimuuliza kama kuna jambo la vita analolijutia. Akasema lipo, akaeleza bomu, shamba, saa sita.

Kipindi kiliporushwa, mzee mmoja alipiga simu kwenye kituo. Alisema shamba lile lilikuwa lake. Alikuwa ameiona ndege ikijitenga na wenzake na kuja chini, akahisi kuna jambo, akamtoa mkewe na watoto ndani, wakajificha mtaroni. Hakuna aliyeumia. Akaomba rubani aambiwe kwamba yeye alimchukia Hitler, na kama bomu lile lilifupisha vita hata kidogo, basi nyumba haikupotea bure.

Ujumbe ulimfikia McGovern. Ann, yule binti wa Machi 1945, alikuwa mtu mzima wa karibu miaka arobaini.